Deepaduttaramaya: Hekalu Lililoidai Vesak

Vesak inapoadhimishwa Sri Lanka, ofisi hufungwa, na mabucha na maduka ya pombe hayauzi. Mapumziko hayo yalipatikana kwa kudaiwa, na historia ya dai hilo inapita katika hekalu la Deepaduttaramaya, Kotahena, jirani na bandari ya Colombo.

Vesak huangukia mwezi mpevu, kwa kawaida mwezi wa Mei. Wabudha hukumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kupata kwake nuru na kufariki kwake. Chini ya Waingereza, siku hiyo ilikuwa ya kazi kama nyingine.

Mkuu wa hekalu alikuwa mtawa Migettuwatte Gunananda, bingwa wa kusema. Mwaka 1873 alikabiliana na wahubiri wa Kikristo katika mdahalo wa hadhara mjini Panadura. Habari za mdahalo huo zilimfikia Mmarekani Henry Steel Olcott, naye akatua kisiwani mwaka 1880 na kuwa mtetezi wa Wabudha.

Jumapili ya Pasaka ya 1883, msafara wa Wabudha uliokuwa ukielekea hekaluni ulishambuliwa Kotahena. Washambuliaji hawakuadhibiwa, hivyo mwaka 1884 Olcott alikwenda London kuwasilisha malalamiko ya Wabudha kwa Wizara ya Makoloni. Serikali ikakubali Vesak iwe siku ya mapumziko. Tarehe 28 Aprili 1885, katika Vesak ya kwanza ya aina hiyo, Gunananda aliipandisha bendera mpya ya Wabudha hekaluni hapo.



Ibada yenyewe ya Vesak haina makuu. Waumini huvaa nguo nyeupe, hupeleka maua, ubani na taa za mafuta, na kuumwagilia maji mti wa Bo, aina ya mti ambao Buddha alipata nuru chini yake. Wengi hushika amri nane kwa siku nzima: hawali baada ya adhuhuri, hawaimbi wala kujipamba. Usiku, mitaa hung'aa kwa taa za karatasi, na vibandani wapita njia hulishwa bure, wawe wa dini yoyote.

Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa nao uliitambua Vesak. Heshima hiyo ya dunia ilitanguliwa na madai ya waumini wa Kotahena, nao wanastahili kutajwa kila bendera hiyo inapopandishwa.