Mbwa wa Santuri na Sauti ya Bwana Wake

Wasomaji waliopata kuingia katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe, za Ng'ambo, au za Mombasa na Lamu, hapana shaka wanaikumbuka picha ya mbwa mweupe aliyeketi mbele ya pembe la santuri, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu asikilizaye neno asilolielewa sawasawa. Picha hiyo ilikuwa katikati ya sahani, ikizunguka nayo. Maneno yaliyoifuata, ya Kiingereza, maana yake ni "Sauti ya Bwana Wake". Bibi yangu hakusoma Kiingereza, wala hakupenda mbwa karibu na msala wake, lakini sahani hizo akizifuta kwa kanga safi na kuzirejesha katika bahasha zake moja moja. Nilikuwa mdogo, na nikidhani kuwa mbwa yule ndiye mwimbaji.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya uaminifu wa mbwa yule, na wa sisi wengine tulioketi mbele ya vyombo vya namna hiyo kwa karibu miaka mia.

Mchoraji wa picha alikuwa Mwingereza, Francis Barraud. Mbwa aliitwa Nipper, na mwenyewe wa kwanza alikuwa ndugu yake Barraud, ambaye alifariki mwaka 1887. Mbwa akachukuliwa na mchoraji, naye akafa mwaka 1895. Picha ilichorwa baadaye, kwa kumbukumbu tu. Katika picha ya mwanzo, Nipper hakuwa akisikiliza santuri. Alikuwa akisikiliza fonografu, chombo cha aina ya kile alichokibuni Edison, kilichopiga mitungi ya nta badala ya sahani. Mwaka 1899 Barraud alifika katika ofisi za Gramophone Company mjini London kuazima pembe la shaba, apate kuling'arisha lile jeusi alilokwisha kulichora. Meneja wa kampuni, William Barry Owen, akamwambia kuwa picha atainunua, ila kwa sharti moja: mashine ile ya wapinzani ifutwe, na mahali pake ichorwe santuri yao. Barraud alikubali akalipwa pauni 100, nusu kwa picha na nusu kwa haki ya kuitumia. Turubai ya asili ikitazamwa kwa mwanga wa ubavuni, alama za fonografu huonekana bado chini ya rangi ya juu.

Katika historia yote ya biashara ya sauti sijui kisa kinachonipendeza na kunisikitisha kuliko hiki. Mbwa hakuondoka mahali pake. Alibadilishiwa chombo, na uaminifu wake ukauzwa pamoja na turubai.

Huku kwetu mbwa huyu aliletwa na sauti ya Siti binti Saad. Kabla yake sahani zilizosikilizwa Unguja zilikuwa za Misri na za Bara Hindi, na aliyetaka kusikia Kiswahili alimfuata mwimbaji alipo. Mwaka 1928 Siti, binti wa Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, alisafiri na wenzake hadi Bombay, na humo kampuni ya mbwa ikazinasa nyimbo zao. Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu, hakuona haya kumtukuza mwanamke huyu aliyezaliwa katika ufukara. Nami naongeza hili dogo: sauti ya Siti ilivuka bahari mara mbili, kwanza ndani ya kifua chake, kisha ndani ya sahani nyeusi iliyotengenezwa kwa utomvu wa vidudu vya India, jamaa ya lakiri ile ile tuliyofungia barua. Sahani ikianguka ilivunjika kama kigae. Lakini isipoanguka ilikuwa yako, na ya mwanao, na ya yule utakayemwachia.

Punde wakaja wapinzani, Columbia ya Waingereza na Odeon ya Wajerumani, nao wakasaka waimbaji wa pwani. Bibi alikuwa akisimulia jinsi watu walivyobishana barazani, huyu akisema sahani za kampuni fulani zina mkwaruzo, yule akiapa kuwa hanunui ila zenye mbwa. Wanaobishana hivyo hawakujua, wala hapakuwa na wa kuwaambia, kuwa Columbia ilikwisha kuishika kampuni iliyomiliki Odeon, na kwamba mwaka 1931 Columbia na kampuni ya mbwa ziliungana zikawa moja, ndiyo EMI. Chapa zote tatu zilikuwa zikila sinia moja. Huku barazani watu wakaendelea kununiana.

Namcheka nani? Nyumbani kwetu ubishi huo tuliurithi. Marehemu baba alikuwa mtu wa National. Redio yake ya kwanza ilikuwa National, na ya pili, na tochi, na mawe ya tochi. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa na Philips, na kila usiku, taarifa ya habari ilipokwisha, wazee hawa wawili walipandisha sauti kidogo, kila mmoja amsikilizishe mwenzake ubora wa chombo chake. Mimi nilipokuwa na umri wa miaka kumi na sita hivi niliitungia redio ile beti, nadhani ndiyo ya kwanza niliyothubutu kumwonesha mtu:

Redio yangu ya ndani, sauti inayoliza,
Mawe yalale juani, asubuhi nageuza,
Wajapo wa ushindani, bei zao kueneza,
Sikuuzi asilani, hata wakinipumbaza.

Vijana watauliza mawe yalale juani kwa nini. Betri zilikuwa ghali, na mara nyingine hazipatikani dukani kabisa. Zilipochoka zilianikwa ukutani, zikapata nguvu ya nusu saa nyingine. Nusu saa hiyo tuliigawa kwa mizani.

Baadaye nilipojifundisha kusoma Kiingereza kwa kamusi na magazeti ya zamani, nilitafuta habari za chapa ile ya baba. Nikakuta kuwa Konosuke Matsushita, aliyeanzisha kampuni yake Osaka mwaka 1918, aliitumia kwanza mwaka 1927 kwa taa ya baiskeli. Nilifurahi mno, maana baba pia alikuwa na baiskeli yenye taa. Tarehe 1 Oktoba 2008 kampuni iliacha jina la mwasisi wake ikajiita Panasonic, na chapa ya National nayo ikawekwa kando. Baba alikuwa hai bado. Sikumwambia. Redio yake ilikuwa ikiendelea kusema, kwa hiyo kwake hapakuwa na kilichokufa.

Nikumbushe sasa habari ya kanda, kwani ndiyo nguzo ya maneno yangu. Kanda ndogo ya kaseti ilioneshwa na Philips mjini Berlin mwaka 1963, kazi ya mafundi walioongozwa na Lou Ottens. Wajapani, Sony wakiwa mbele, waliibana Philips hadi ikakubali kuwaachia wengine waitengeneze bila malipo ya leseni, mradi wafuate vipimo vile vile. Uamuzi ule wa mezani ulifika hadi vichochoro vyetu. Kanda ya TDK iliingia ndani ya Sanyo, ya Sony ndani ya Philips, na iliyorekodiwa Darajani ilisikilizwa Muscat. Ulikuwa huru kupenda chapa uitakayo, na mapenzi hayo hayakukunyima sauti yoyote. Jirani aliweza kumchukia National hadi kufa, lakini kanda ya baba akiiazima.

Sifichi kuwa uhuru ule ulikuwa na mwenye kuulipia. Maduka ya kurekodia yalinakili nyimbo za vikundi vyetu mchana kutwa. Mteja alipata wimbo, mwenye duka alipata fedha, na aliyepiga ganuni au udi alipata salamu njiani. Wanaolia leo kuwa mtandao umewadhulumu wasanii wana haki, ila wasiseme kuwa dhuluma imeanza jana. Sisi wenye makabati yaliyojaa kanda tumo katika hesabu hiyo, nami ni mmoja.

Diski za CD zilizoletwa na Philips na Sony mwaka 1982 zilichelewa kutufika, na hazikukaa sana. Mageuzi makubwa yalikuwa pale wimbo ulipoachana na kitu chochote cha kushikwa. Apple ilitoa iPod mwaka 2001, na mwaka 2003 ikafungua duka la kuuza nyimbo kwa njia ya intaneti, senti 99 wimbo mmoja. Nyimbo zile zilikuwa na kufuli: zilikubali vyombo vya aliyeziuza, vya wengine zikakataa. Kufuli hilo liliondolewa mwaka 2009. Microsoft nao walikuwa na duka lao la muziki, na mwaka 2008 walitangaza kuwa mitambo inayotoa funguo za nyimbo zilizokwisha kununuliwa itazimwa, hivi kwamba mtu akibadilisha kompyuta yake hatazifungua tena. Wateja wakapiga kelele, tarehe ikasogezwa mbele. Turudi kwa bibi: ni kama aliyemuuzia sahani angemwandikia kuwa mwezi ujao sindano zake zote zitakuwa butu.

Kisa cha vitabu kilinigusa zaidi, kwa kuwa mkate wangu ni tafsiri. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon ilivifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika visomeo vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Fedha zilirejeshwa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani. Kimoja kilikuwa 1984, riwaya ambayo ndani yake serikali huyatumbukiza maandishi yasiyotakiwa katika tundu la moto. Cha pili kilikuwa kile ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama. Nakala yangu ya Kawegere imeliwa na mende pembeni na haina jalada. Lakini hapana mtu awezaye kuja usiku kuichukua bila ya kuvunja mlango.

Siku hizi tunaambiwa muziki "unatiririshwa". Neno si baya, na wenzangu wa tafsiri walifanya kazi njema kulichagua, ingawa sidhani kuwa walikusudia ukweli wote uliomo. Kinachotiririka hukioga, hukinywa, lakini hubaki nacho ila umekinga chombo. Spotify, iliyozaliwa Sweden, ilifunguliwa Tanzania na Kenya mwezi Februari 2021, na kabla yake zilikuwapo huduma nyingine. Binti yangu alinitilia mojawapo, sitaitaja, katika simu yangu, akanifundisha kulipa ada ya kila mwezi. Nisiwe mkaidi: wiki za mwanzo sikulala. Nilisikia sahani za miaka ya 1930 ambazo bibi alikuwa akizitaja tu. Nilimsikia Siti mwenyewe, na mkwaruzo wake, saa saba za usiku, kitandani, bila ya kuamsha mtu. Nikawa mfuasi, nikiwasifia wenzangu barazani huduma yangu na kuzikejeli zao, kama baba na jirani yake.

Katika nyimbo nilizozipata humo palikuwa na mmoja wa kikundi cha hapa hapa Unguja, ulionaswa miaka ya 1980 katika studio za redio yetu na baadaye ukatolewa ng'ambo. Baba aliupenda kupita kiasi. Tulipotoka kumzika, nilikuwa nikiusikiliza kila alfajiri. Asubuhi moja ukawa umepauka katika orodha, na nilipougusa nikaandikiwa kuwa haupatikani katika nchi yangu. Nilikaa na maneno hayo. Waliouimba wamezikwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nilipokuwa nimeketi. Mshairi aliyeutunga alikuwa akinunua samaki soko moja nasi. Yuko mtu London au Stockholm anayeweza kuusikia sasa hivi, na mimi siwezi.

Niliandika malalamiko. Nikajibiwa kwa adabu kuwa haki za wimbo hubadilika mara kwa mara, na kwamba huduma inanishukuru kwa uaminifu wangu. Neno hilo, uaminifu, ndilo lililonirudisha kwenye picha ya Barraud.

Basi nikaingia uvunguni. Baba alikuwa na sanduku la kanda, kila moja ameiandika kwa kalamu ya wino, kwa hati za Kiarabu kama alivyozoea. Nyingine zimeota ukungu, nyingine utepe umeng'oka. Niliyoitaka ilikuwapo, lakini redio ya kuipigia haikuwapo: ile National ilikufa mwaka mmoja baada ya mwenyewe. Nilizunguka na kanda mfukoni hadi Kikwajuni, kwa fundi mmoja wa redio ambaye sasa anatengeneza simu. Aliigeuza mkononi, akatia kalamu ya Bic katika tundu la gurudumu akauvuta utepe polepole, kisha akatoa chini ya meza chombo cha Kichina kisicho na jina lolote.

"Sheikh, hii sikuahidi," akaniambia.

Kwanza ulisikika mvumo mtupu. Kisha vinanda kwa mbali, kwa sababu baba hakuwa na waya wa kuunganisha, aliiweka redio moja mbele ya nyingine na kurekodi hewani. Kabla ya mwimbaji kuanza, kuna kikohozi. Nakijua kikohozi hicho. Halafu mlango unagongwa, watoto wanaingia wakicheka, mimi nikiwamo, na karibu kabisa, karibu kuliko wimbo wenyewe, inasikika sauti ya baba: "Nyamazeni, nyinyi! Narekodi."

Fundi alinyoosha mkono kutaka kuisogeza mbele. Nikamshika.