Antihistamini na usingizi

Antihistamini ni dawa zinazozuia kazi ya histamini, kemikali ileile inayoleta mwasho na kamasi wakati wa mzio. Ubongoni histamini humweka mtu macho: hutolewa na kundi dogo la seli za neva katika haipothalamasi, zinazofanya kazi kwa bidii mchana na kunyamaza mtu anapolala.

Dawa za kizazi cha kwanza, kama difenhidramini na klorofeniramini (kile kidonge kidogo cha njano ambacho wengi Afrika Mashariki hukiita Piriton), hupenya hadi ubongoni na kuziba vipokezi vya histamini viitwavyo H1. Ndiyo maana aliyekimeza kwa ajili ya chafya hujikuta anasinzia kazini. Loratadini, ya kizazi cha pili, hupenya kidogo sana.

Difenhidramini iligunduliwa na George Rieveschl huko Cincinnati, Marekani, katika miaka ya 1940, na baadaye ikauzwa pia kama dawa ya usingizi. Lakini nguvu hiyo ya kuleta usingizi huchakaa upesi mno. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wanaume wenye afya walimeza miligramu 50 mara mbili kwa siku. Kufikia siku ya 4 hawakusinzia zaidi kuliko walipopewa dawa bandia. Kwa wazee hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa dawa hizi za kizazi cha kwanza huzuia pia asetilikolini, kemikali nyingine ya neva: kinywa hukauka, mkojo hugoma, akili huchanganyikiwa, na asubuhi miguu haina uthabiti. Mwaka 2017 wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walishauri difenhidramini isitumike kutibu ukosefu wa usingizi.