Damu ipo, oksijeni haifiki: adenosini katika mshtuko wa sepsisi

Wasikilizaji wetu wengi wamewahi kuiona hali hii. Mtu aliyeanza na kidonda, nimonia au homa ya baada ya kujifungua anazidiwa ghafla. Anahema haraka, anaongea yasiyoeleweka, na mhudumu wa afya anasema presha imeshuka mno. Hajatokwa na damu, lakini figo, ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

Huo ndio mshtuko wa sepsisi. Sepsisi ni pale mwili unapopambana na maambukizi kwa namna inayoharibu viungo vyake wenyewe, na mshtuko ni hatua yake mbaya zaidi. Inakadiriwa kwamba mwaka 2017 watu milioni 11 duniani walifariki wakiwa na sepsisi.

Mwili ukiishiwa oksijeni hupiga kengele zake, na mojawapo ni adenosini. Seli zetu huitengeneza zenyewe. Kila seli hutumia nishati iitwayo ATP. Oksijeni ikipungua, ATP huvunjika kwa kasi kuliko inavyoundwa, na mabaki yake hutoa adenosini. Hiyo hutoka nje ya seli, hushika vipokezi vya mshipa wa karibu, na mshipa hutanuka ili damu zaidi ifike. Kwenye moyo hupunguza kasi ya mapigo, jambo ambalo Drury na Szent-Györgyi walilieleza mwaka 1929. Ikiwa ndani ya damu, hudumu sekunde chache tu.

Waliolima mpunga kwenye skimu watatuelewa upesi. Shamba moja likikauka, unafungua lango lake, maji yanaingia, na majirani hawadhuriki. Sasa malango yote yafunguliwe kwa mara moja. Maji ni yale yale, lakini mfereji unaishiwa nguvu na shamba la mwisho linabaki kavu.

Katika mshtuko wa sepsisi adenosini hupanda katika damu, na mishipa hutanuka karibu kila mahali. Haifanyi hivyo peke yake. Oksidi ya nitriki na kemikali nyingine zina mchango mkubwa. Mishipa pia huvuja maji, na vile vidogo kabisa, kapilari, vingine huziba. Damu hupita njia za mkato na kurudi moyoni ikiwa bado na oksijeni ambayo haikutumika. Ndiyo maana kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni nzuri huku viungo vikiendelea kufa njaa.

Je, tuizuie adenosini? Si rahisi hivyo. Adenosini hiyo hiyo hutuliza chembe nyeupe za damu zilizochachamaa, ambazo zingeendelea kuharibu tishu. Ukiiondoa, unaondoa na breki. (Kahawa huzuia vipokezi hivyo hivyo, lakini tafadhali msimnyweshe mgonjwa kahawa mkidhani ni tiba. Aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa.)

Hospitalini tiba huanzia kwenye chanzo: antibiotiki mapema, na kutoa usaha kama upo. Noradrenalini hubana mishipa iliyolegea. Maji ya dripu nayo hutolewa, ila kwa uangalifu, na hapa Afrika Mashariki ina somo lake. Utafiti uitwao FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi: takriban 10.5 kwa kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa hivyo. Watoto waliopoteza maji kwa kuhara hawakuwamo. Wao wana utaratibu wao. Kwa hiyo mzazi ukiona dripu ya mwanao inakwenda polepole, muulize mhudumu sababu, lakini usiifungulie mwenyewe.

Mwenye maambukizi akianza kuhema haraka, kuchanganyikiwa, kulegea, au ngozi yake ikiwa na mabaka, mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku. Mtoto mchanga anaweza asiwe na homa kabisa. Mwili wake unaweza kuwa wa baridi na akakataa kunyonya. Mkifika, mwambieni mhudumu homa ilianza lini, dawa gani zimetumika nyumbani, na mgonjwa alikojoa mara ya mwisho saa ngapi. Hilo la mkojo watu hulisahau, nalo humwonyesha daktari kama damu bado inafika kwenye figo.