Gari Katika Picha ya Babu: Kutafuta Miaka ya Picha za Ukambani

Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni kuna picha ya aina moja: mzee amevaa koti, mkono ameuweka juu ya boneti, na watoto wamejipanga mbele ya gari. Nyuma ya picha hakuna tarehe. Wajukuu hubishana kama ilipigwa kabla ya Uhuru au baada yake, na mara nyingi shahidi aliyebaki ni lile gari.

Ukambani ilijua garimoshi kabla ya motokaa. Reli ilipita Kibwezi na Makindu ikafika Nairobi mwaka 1899, wakati njaa iliyoitwa Yua ya Ngomanisye ilipokuwa ikimaliza watu na mifugo. Upande wa Kitui haukupata reli. Wamishenari wa Leipzig waliokaa Ikutha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikwenda kwa miguu, mizigo ikibebwa na wapagazi. Ndiyo maana picha ya huko yenye motokaa kwa kawaida ni ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Katika picha za zamani zaidi, anza na Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927. Tazama rejeta. Fremu yake ikiwa ya shaba inayong'aa, gari ni la 1916 au kabla. Ikiwa nyeusi, ni la baadaye. Gari hilo halikuwa na breki kwenye magurudumu ya mbele. Ukiona ngoma za breki hapo, huenda unaitazama Model A, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 1927. Ford nyingi za makoloni ya Waingereza zilitoka Kanada zikiwa na usukani kulia. Usukani ukionekana kushoto, shuku kwamba picha imesafishwa kinyumenyume: soma namba ya gari, kisha angalia vifungo vya koti la mzee viko upande gani.

Lakini bodi inaweza kukupotosha. Magari mengi ya Kenya ya miaka ya 1920 na 1930 yaliletwa bila bodi kamili, na mafundi wa Kihindi mjini Nairobi wakayajengea sanduku la mbao lililofaa barabara za vumbi na safari za porini. Sanduku hilo halikufuata mtindo wa kiwanda chochote, kwa hiyo utambuzi urudi kwenye rejeta, boneti na magurudumu.

Picha za baada ya Vita ya Pili ndizo zinazosomeka vizuri zaidi, kwa sababu ya Land Rover. Ilizinduliwa Aprili 1948, na karibu kila kizazi chake kilibadilishwa sura. Zile za kwanza kabisa taa zao kubwa zilifichwa nyuma ya wavu wa mbele. Kuanzia karibu 1950 taa zikajitokeza nje ya wavu. Mwaka 1958 ubavu wake ulipata uvimbe wa mviringo chini ya madirisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamia kwenye madigadi, na 1971 wavu wa chuma ukawa wa plastiki. Volkswagen nayo ina alama yake nyuma: kioo kilichogawanyika vipande viwili ni cha kabla ya majira ya kuchipua ya Ulaya ya 1953, cha umbo la yai ni cha hadi 1957, na kikubwa zaidi ni cha baadaye. Namba za magari pia zinasaidia: namba inayoishia kwa herufi, mfano wa KAA 001A, haiwezi kutangulia 1989.

Hata hivyo, gari linakuambia mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, na hapo linaishia. Ukambani gari halikutupwa. Land Rover ya 1952 ingeweza kubadilishwa madigadi, ikapakwa rangi mpya, ikaendelea kubeba mahindi miaka 25 baadaye. Wanaotoa jibu la mwisho ni wazee, na wao huhesabu miaka kwa njaa. Ukimuuliza bibi mwaka gani, atanyamaza. Ukimuuliza kama ilikuwa kabla au baada ya njaa ya Nikwa Ngwete ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, atakujibu palepale.

Angalia pia maandishi. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992, kwa hiyo maelezo yanayosema "Wilaya ya Makueni" yaliandikwa mwaka huo au baadaye, hata kama gari ni la 1950. Nyaraka za Kitaifa za Kenya jijini Nairobi zinazo ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya ya Kitui. Humo utapata habari za barabara na ukame za kulinganisha na unachokiona.

Basi ndugu msomaji, toa picha hizo kabatini wiki hii, ukae na mzee angali anakumbuka. Mwulize dereva alikuwa nani, gari lilikuwa la nani, na njaa ipi ilikuwa imepita. Andika majibu nyuma kwa penseli laini, si kalamu, kisha uweke nakala kwa mtu wa pili katika ukoo.