Meno ya Ukambani: Kuchongwa, Kung'olewa na Kurudishwa

Kuna dai linalorudiwa sana Ukambani, hasa pale mzee anapohimizwa na wanawe aende mjini Wote au Kitui akazibwe pengo la mdomoni. Dai lenyewe ni kwamba meno ya bandia ni mambo ya Wazungu, na kwamba Mkamba wa kale alijua kuyavunja meno tu, hakujua kuyarudisha. Wapo wanaolisema hilo kwa fahari, wakitaka kuonyesha kwamba wahenga walizeeka na mapengo yao bila kunung'unika. Wapo pia wanaolisema kwa aibu, kama watu wanaotaka picha za babu zao wenye meno ya ncha zifichwe kabatini. Makundi yote mawili yanakubaliana juu ya jambo moja, nalo ndilo ninalolipinga hapa: kwamba kuchonga jino na kulirudisha jino ni historia mbili zisizojuana.

Usuli hauhitaji maneno mengi. Wakamba walijikita katika vilima vya Mbooni, wakaenea pande zote, wakavuka mto Athi hadi Kitui. Makueni, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa ndani ya Machakos, ilipata wilaya yake mwaka 1992. Pande zote mbili za mto, desturi ya meno ilikuwa moja.

Chanzo kinachostahili kusomwa upya ni kitabu cha Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi Ukambani mapema miaka ya 1910 na kujifunza Kikamba. Kitabu chake, The Akamba in British East Africa, kilitoka mwaka 1916, kisha kikapanuliwa na kuchapishwa tena Uppsala mwaka 1920. Ni kitabu kinene cha karibu kurasa 600. Wanafunzi wetu hukifungua kutafuta habari za ukoo, ndoa na matambiko, kisha hukifunga. Habari za mwili, yaani nywele, mapambo na meno, huachwa kana kwamba ni mambo madogo ya kujazia kurasa. Mimi naona humo ndimo mna hoja kubwa. Kabla yake, J. M. Hildebrandt alikuwa amechapisha maelezo juu ya Wakamba kwa Kijerumani mwaka 1878, na C. W. Hobley kitabu chake mwaka 1910. Wote waliandika kama wageni, na wengine wao kama watawala, lakini Lindblom aliketi na watu kwa muda wa kutosha kuuliza sababu.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Meno ya mbele ya taya la juu yalichongwa ncha kwa kipande kidogo cha chuma chenye makali, kikigongwa kidogokidogo ili jino lipasuke pembeni bila kuvunjika lote. Si kila mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo. Enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, haioti tena ikishatoka, na chini yake kuna sehemu laini zaidi inayokilinda kiini chenye neva na mishipa ya damu. Pigo likizidi, kiini hubaki wazi, jino hufa, usaha hutunga kwenye mzizi, na baada ya miaka jino hutoka. Fundi mzuri alijulikana kwa watu waliozeeka na ncha zao zikiwa mdomoni. Tukumbuke pia kwamba hii ni jamii ya wafua chuma waliosifiwa kwa mikufu myembamba ambayo hata wageni waliistaajabia. Mkono uliozoea kazi ndogo ya chuma haukuwa mgeni kwenye kazi ndogo ya jino.

Kwa nini walichonga? Hapa ndipo ugomvi mkubwa ulipo.

Jibu la kwanza, lililopendwa sana na magazeti ya Ulaya na Marekani, lilikuwa kwamba meno ya ncha ni alama ya walaji watu. Jibu hili halistahili subira yoyote. Wakamba walikuwa wafugaji, wakulima, wawindaji na wafanyabiashara wa misafara, na ncha za meno yao hazikuwa na uhusiano wowote na chakula. Hata hivyo, uongo huo uliua. Mkongo mmoja, Ota Benga, ambaye meno yake yalikuwa yamechongwa ujanani kwa desturi ya kwao, alipelekwa Marekani kwa maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904. Huko alitangazwa kuwa mla watu, na watazamaji walilipa senti tano kuyaona meno yake. Mwaka 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, mpaka wachungaji Weusi walipopaza sauti. Mwaka 1910 alihamishiwa Lynchburg, Virginia, na huko meno yake yakavikwa kofia ili afanane na wenyeji. Kofia hizo ni jamaa wa karibu wa daraja la meno, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno jirani, kwani daraja la kawaida husimama juu ya kofia mbili. Mnamo Machi 1916 Ota Benga alijipiga risasi. Inasimuliwa kwamba kwanza alizivunja zile kofia. Mwaka huohuo ndio kitabu cha Lindblom kilipotoka Uswidi. Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu moja: daktari aliyeyafunika meno ya Ota Benga hakumtibu ugonjwa wowote, alimvua utambulisho wake. Anayetaka kuandika historia ya meno ya kubandika bila kumtaja mtu huyu anaandika nusu ya historia.

Jibu la pili nalipa nafasi zaidi, kwa kuwa lina akili ndani yake. Linahusu desturi ya kung'oa meno ya mbele ya taya la chini, iliyoenea kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki. Wamasai waling'oa mawili ya kati, Wajaluo sita, na baadhi ya Wakamba nao waling'oa ya chini. Maelezo yanayorudiwa ni kwamba pengo hilo lilikuwa mlango wa kupitishia uji au maziwa mtu akishikwa na pepopunda na taya zikakaza. Wapo wataalamu wanaoyacheka maelezo haya kuwa yalitungwa baadaye kuridhisha wageni. Mimi siwafuati. Pepopunda ni ugonjwa wa kweli unaoingia kwa kidonda chenye udongo, na katika nchi ya wafugaji na wawindaji, kabla ya chanjo, taya lililokaza lilimaanisha kufa kwa kiu na njaa hata kabla ugonjwa haujamaliza kazi yake. Watu walioyaona mauti hayo kwa karibu walikuwa na haki ya kutafuta njia. Lakini maelezo hayo yanajibu swali la meno ya chini tu. Ncha za juu hazipitishi uji.

Linabaki jibu la tatu, ambalo wazee wenyewe walilitoa kila walipoulizwa kwa heshima: uzuri, na kutambulikana. Kijana mwenye meno ya ncha alikuwa amekamilika usoni. Sioni sababu ya kulitilia shaka. Mtu husema kweli anapoeleza anachokiona kizuri.

Sasa tuligeukie swali la kulirudisha jino: twende Italia ya kati, karne ya 7 kabla ya Kristo, kwa Waetruski. Makaburi yao yametoa madaraja ya meno ya kale kabisa tunayoweza kuyaita hivyo bila wasiwasi: ukanda mwembamba wa dhahabu uliozungushwa kwenye meno hai, na katikati yake jino la kubandika lililokazwa kwa msumari mdogo wa dhahabu. Vitabu vya udaktari huyataja kama ushindi wa kwanza wa tiba ya meno. Lakini Marshall Joseph Becker, aliyeyachunguza kwa miaka mingi na kuandika pamoja na Jean MacIntosh Turfa kitabu kilichotoka mwaka 2017, anaonyesha jambo jingine. Waliovaa vitu hivyo walikuwa wanawake, wenye uwezo, na kwa maoni yake meno yao ya mbele yaling'olewa yakiwa mazima ili dhahabu ipate mahali pa kukaa. Nakubaliana naye. Ikiwa ni hivyo, basi daraja la kwanza la meno duniani lilizaliwa kutokana na kung'oa jino zima kwa ajili ya urembo. Ni desturi ileile ambayo Ukambani iliitwa ushenzi. Kuna pia taya lililopatikana Sidoni, Lebanoni, mwaka 1862, ambalo meno yake ya mbele yamefungwa kwa waya wa dhahabu, na mawili kati yake yalitoka kwa mtu mwingine. Kuhusu Misri ya mafarao sitakaa, maana wataalamu wenyewe bado wanabishana kama nyaya zilizopatikana huko zilivaliwa na walio hai au ziliwekwa kwa maiti.

Na Ukambani haukuwa mbali na biashara ya meno ya bandia kama watu wanavyodhani. Katika miaka ya 1830 na 1840 misafara ya Wakamba ndiyo iliyopeleka Mombasa sehemu kubwa ya pembe za ndovu kutoka bara. Kivoi wa Kitui alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe. Mmisionari Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1849, na ni akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, alipouona Mlima Kenya. Alirudi mwaka 1851, akawa msafarani Kivoi alipouawa. Wanahistoria wetu husimulia kisa hiki kwa ajili ya mlima. Mimi nakitaja kwa ajili ya pembe. Kabla ya meno ya kauri kuenea, na kabla ya mpira uliogandishwa kwa salfa na joto kuwa msingi wa meno ya bandia katika nusu ya pili ya karne ya 19, mafundi wa Ulaya na Marekani waliyachonga meno hayo kwa pembe za ndovu na hasa kwa meno ya kiboko, ambayo ni magumu zaidi na hayageuki rangi upesi. Meno ya kiboko nayo yaliuzwa Unguja pamoja na pembe. George Washington alivaa meno yaliyochongwa kwa jino la kiboko, na hesabu za nyumbani kwake za mwaka 1784 zinaonyesha malipo kwa Weusi kwa ajili ya meno tisa. Afrika, basi, ilitoa meno ya wanyama wake na meno ya watu wake kuziba mapengo ya wengine, muda mrefu kabla ya daktari wa kwanza wa meno kufungua mlango Kitui.

Enzi ya ukoloni naipita haraka. Misheni ya Walutheri wa Kijerumani ilifika Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890. Peter Cameron Scott alianzisha kituo cha Africa Inland Mission Nzaui mwaka 1895. Reli ikapita, njaa ya Ngomanisye ikaua watu wengi mwishoni mwa karne, na shule zikaja. Mtoto aliyekwenda darasani hakuchongwa. Kufikia uhuru, meno ya ncha yalikuwa ya wazee.

Mafunzo ya madaktari wa meno yalianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, na kwa miaka mingi waliohitimu walibaki mijini. Hadi leo, kwa mtu wa Mutomo au Kathonzweni, huduma ya meno mara nyingi humaanisha kung'olewa. Jino likiuma, linatoka, na pengo linabaki. Meno jirani huanza kuinama kuelekea kwenye nafasi hiyo, jino la taya la pili hurefuka kwa kukosa mwenzake, kutafuna kunakwenda upande mmoja. Daraja huzuia hayo. Meno mawili yanayopakana na pengo hupunguzwa pande zote, vipimo huchukuliwa, fundi wa maabara hutengeneza kipande kimoja chenye kofia mbili na jino la bandia katikati, kisha daktari hukigandisha kwa saruji ya meno. Hakivuliwi usiku kama meno ya kutoa na kurudisha.

Tazama vizuri kinachofanyika hapo. Ili kurudisha jino moja, daktari wa leo huchonga meno mawili ambayo mara nyingi ni mazima, na enameli yake hairudi. Anafanya hivyo ili mtu ale vizuri, naam, lakini kwa meno ya mbele anafanya zaidi ili mtu aweze kucheka mbele za watu. Huo ndio uzuri na utambulisho ule ule ambao wazee walimweleza Lindblom. Zipo mbinu mpya za kugandisha daraja nyuma ya meno jirani kwa kuchonga kidogo sana, zilizoendelezwa tangu miaka ya 1970, na ningependa zipewe nafasi ya kwanza kwa vijana. Lakini hata hizo hazibadilishi hukumu yangu: aliyechonga kwa patasi Kitui, aliyezungusha dhahabu kwa Waetruski na anayechonga kwa mashine mjini Wote, wote hao wamo katika historia moja, na hakuna kati yao mwenye haki ya kumwita mwenzake mshenzi.

Kwa hiyo, mzee anayetaka daraja la meno asiambiwe anaiga Wazungu. Na familia zenye picha za babu na nyanya waliochongwa meno zisizifiche. Andikeni nyuma ya kila picha jina, kijiji na mwaka, na kama jamaa yupo anayekumbuka jina la fundi aliyechonga, liandikeni pia, kisha pelekeni nakala kwenye maktaba ya kaunti yenu kabla wanaojua hawajatutoka.