Mabao 23 na Mabao 21: Hesabu Tunayoisahau

Katika vijiwe vya Maili Moja, Kibaha, na vile vya Kisarawe mjini, kuna ubishi usiozeeka: nani amekuwa mfungaji hodari zaidi wa Ligi Kuu miaka ya karibuni? Wana Simba humtaja Meddie Kagere, aliyefunga mabao 23 msimu wa 2018/19. Wana Yanga humtaja Stephane Aziz Ki, aliyefunga 21 msimu wa 2023/24. Kwa kuwa 23 ni zaidi ya 21, mjadala huonekana umekwisha.

Haujakwisha. Ligi ya 2018/19 ilikuwa na timu 20, hivyo kila timu ilicheza mechi 38. Ndivyo ilivyokuwa hata msimu uliofuata, Kagere alipofunga 22. Kisha ligi ikapunguzwa: timu 18 msimu wa 2020/21, John Bocco alipoongoza kwa mabao 16, na timu 16 kuanzia 2021/22, yaani mechi 30. Ukigawa mabao kwa mechi za msimu, Kagere anapata 0.61 na Aziz Ki 0.70. Mshindi amebadilika, ilhali hakuna bao lililoongezwa wala kufutwa.

Hata hivyo, Mwanayanga asishangilie mapema. Mgawanyo huo nao hauonyeshi dakika ambazo kila mmoja alikuwa uwanjani, penalti alizopiga, wala ubora wa wenzake waliompa pasi. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alifunga mabao 17, akampita kwa bao moja Fiston Mayele wa Yanga, timu iliyotwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Jedwali la wafungaji linatuonyesha tofauti ya bao moja tu. Tofauti ya timu walizochezea halituonyeshi.

Ndugu msomaji, siandiki haya kwa ajili ya mpira peke yake. Hesabu hii pungufu ndiyo tuliyoitumia kuhukumu shule. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilipangwa kwa ufaulu na kupewa rangi: kijani, njano na nyekundu. Lakini Shule ya Sekondari Kibaha ni ya vipaji maalumu. Hupokea wanafunzi waliochaguliwa kwa ufaulu wao wa juu. Shule ya kata katika vijiji vya Kisarawe hupokea watoto wa jirani, mwenye alama nyingi na mwenye chache. Kuziweka katika orodha moja, kisha kumpongeza mwalimu wa kwanza na kumkemea wa pili, ni kumsifu mshambuliaji kwa pasi za wenzake.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini kuondoa orodha hakumfundishi mtu kusoma takwimu, na tabia ya kulinganisha bila kugawa haikuondoka nayo. Kwa hiyo afisa elimu atakayeletewa jedwali la ufaulu, kabla hajamwita mwalimu mkuu kujieleza, na aulize mambo mawili: waliofaulu ni wangapi kati ya wangapi, na walipoingia kidato cha kwanza walikuwa na alama gani? Jibu la swali la pili huenda likamwonyesha kuwa anayestahili pongezi ndiye aliyetaka kumkemea.