Kikojozi Hana Kosa: Historia Ndefu ya Godoro Lililorowa



Leo tunalitoa nje jambo ambalo kwa kawaida huishia chumbani: mtoto anayekojoa kitandani. Katika kazi yetu ya kushona mashuka na foronya za maharusi, kina mama wengi hutusogelea wakatuuliza kwa sauti ya chini kama tunashona na kitu cha kukinga godoro la mtoto. Tena wapo maharusi wanaoingia kwenye nyumba ambayo tayari ina mtoto wa mume. Wiki ya kwanza tu, henna haijafutika mkononi, bibi harusi anakuta shuka la mtoto limerowa. Atakavyolipokea jambo hilo asubuhi ile, mtoto atalikumbuka miaka mingi. Kwa hiyo tumeona tusianze na dawa. Tuanze na historia, maana historia yenyewe inafundisha.

Kwanza tujue kuwa jambo hili ni kongwe. Misri ya kale, katika karatasi za tiba zinazoitwa Ebers, zilizoandikwa karibu mwaka 1550 kabla ya Nabii Isa, imo dawa ya mtoto asiyezuia mkojo, mchanganyiko wa mimea na pombe. Huko Rumi, mwandishi Pliny, aliyefariki mwaka 79, aliandika kuwa mtoto wa namna hii alishwe panya wa kuchemsha. Uingereza, katika miaka ya 1540, tabibu Thomas Phaer alitoa kitabu cha maradhi ya watoto chenye sehemu nzima juu ya kukojoa kitandani. Dawa zake zilikuwa unga wa koo la jogoo na wa korodani za kalunguyeye.

Mwaka 1951, Lucille Glicklich alikusanya habari nyingi za aina hii katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani. Humo utakuta Wahindi Wekundu wa kabila la Navajo, waliomsimamisha mtoto juu ya kiota cha ndege kinachoungua, kwa kuwa ndege hachafui kiota chake. Utakuta pia Afrika Magharibi, ambako mtoto alifungwa chura kiunoni ili ashtuke. Nasi watu wa Pwani tusiwacheke. Nani kati yetu hakuukuta ule wimbo wa watoto wa kumzomea kikojozi, naye amesimama katikati anatafuta pa kuuficha uso?

Ukizitazama dawa zote hizo utaona zina kitu kimoja. Zinamchukulia mtoto kama mwenye uchafu wa kutolewa kwa chukizo, kwa hofu au kwa aibu. Hakuna aliyejiuliza: mtoto huyu, wakati mkojo unatoka, alikuwa wapi? Alikuwa usingizini.

Waliouliza walikuwapo, na wengine wao ni matabibu wa Kiislamu. Abu Bakr al-Razi wa mji wa Rayy, Uajemi, aliyefariki karibu mwaka 925, aliutaja usingizi mzito na kunywa sana kabla ya kulala kuwa ni miongoni mwa sababu. Ibn Sina, aliyeishi kati ya 980 na 1037, naye alieleza katika kitabu chake kikubwa cha tiba kuwa mtoto hulala usingizi mzito kiasi kwamba mkojo hutoka kabla hajazinduka, na kwamba akikua na usingizi ukawa mwepesi, huacha. Tazameni hapo, dada zetu. Miaka elfu moja iliyopita mtu alikwishasema kwamba hii si jeuri, ni usingizi, na umri utasaidia.

Lakini elimu hiyo haikuwafikia wote, na waliolipa ni watoto. Mwandishi wa Kiingereza George Orwell, aliyezaliwa mwaka 1903, alipelekwa skuli ya dakhalia akiwa na miaka minane. Muda mfupi baada ya kufika akaanza kukojoa kitandani. Kila usiku aliomba Mungu lisitokee, na lilitokea. Alichapwa kwa fimbo ya kupandia farasi hadi ikavunjika. Aliyaandika hayo ukubwani, na makala ikatoka mwaka 1952, yeye akiwa ameshafariki. Kilichomuumiza zaidi ya fimbo ni somo aliloondoka nalo: kwamba mtu anaweza kuwa mwenye dhambi kwa jambo ambalo hakulitaka, hakulijua na hakuweza kulizuia.

Sisi tuliosomeshwa chuoni tunajua kinyume cha somo hilo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na wawili kati yao ni mtoto mpaka abaleghe na aliyelala mpaka aamke. Mtoto anayekojoa usingizini yumo katika yote mawili kwa wakati mmoja. Basi kama malaika hawakuandika, sisi tunamwandikia nini?

Tuendelee. Mwaka 1904, daktari wa watoto wa Austria, Meinhard von Pfaundler, alitengeneza kifaa cha umeme cha kuwekwa kitandani. Shabaha yake ilikuwa wauguzi wa wodini. Mtoto akirowa, kengele ilie, muuguzi aje kumbadilisha. Baada ya muda ikaonekana jambo lisilotarajiwa: baadhi ya watoto waliolala juu ya kengele ile waliacha kukojoa. Kengele ilikuwa inawafundisha kuamka.

Mwaka 1938 huko Marekani, mume na mke, Hobart na Willie Mae Mowrer, waliifanya kengele hiyo kuwa tiba rasmi. Sisi mafundi tunakielewa kifaa chao vizuri. Ni matabaka ya kitambaa kizito cha pamba yenye wavu wa madini katikati. Mkojo una chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme, hivyo tone likifika kwenye wavu kengele inalia. Mtoto anaamka, anamalizia chooni, anarudi kulala. Walikitumia kwa watoto 30 na wakaripoti kuwa wote waliacha. Uzoefu wa baadaye si mtamu kiasi hicho, lakini bado ni mzuri: karibu theluthi mbili ya watoto wanaoitumia kengele kwa utaratibu hukauka. Hakuna chura, hakuna fimbo.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Denmark waligundua kuwa baadhi ya watoto hawa hawapati vya kutosha, nyakati za usiku, ile homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo. Mwaka 1995, Denmark hiyohiyo, Hans Eiberg na wenzake walichunguza familia ambazo jambo hili linarithiwa, wakalifuatilia hadi kwenye kromosomu namba 13. Kwa maneno mepesi, iwapo baba na mama wote walikuwa vikojozi utotoni, watoto wao wengi watakuwa hivyo. Kwa hiyo kabla hujamgombeza, muulize mume wako taratibu alikauka na miaka mingapi. Huenda ukapata jibu la kukuchekesha.

Na hesabu ni hii. Katika kila watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 bado wanakojoa usiku. Kila mwaka unaopita, kiasi cha 15 katika kila 100 waliobaki huacha wenyewe. Chuo chenye watoto 20 wa umri huo, watatu kati yao wameamka leo wamerowa, na kila mmoja anadhani yuko peke yake duniani.

Sasa tufanye nini? Mtoto anywe maji ya kutosha mchana, yapungue baada ya magharibi, na chai ya rangi ya usiku iondoke. Aende chooni kabla ya kupanda kitandani. Njia ya chooni iwe na taa, maana mtoto anayeogopa giza hujizuia mpaka ashindwe. Angalieni na choo kikubwa, kwani mtoto aliyefunga choo kibofu chake hubanwa. Tandikeni mpira juu ya godoro, juu yake kanga kuukuu zilizokunjwa na kushonwa pamoja kwa mishono ya mraba zisijikusanye, kisha shuka. Tayarisheni pea mbili ili moja ikifuliwa nyingine itandikwe. Asubuhi mtoto asaidie kubeba nguo zake hadi kwenye beseni kama kazi ya kawaida ya nyumbani, isiwe adhabu. Asifiwe kwa kwenda chooni na kwa kusaidia. Kulala mkavu si jambo lililo mikononi mwake.

Aliyefika miaka saba na anafundishwa kusali, mkojo haumlazimishi josho. Aoshe mwili palipoingia najisi, avae nguo safi, atie udhu, asali na wenzake. Asifanywe aone haya kwenda kusimama mbele ya Mola wake.

Mpelekeni kwa daktari ikiwa amevuka miaka saba na hali haibadiliki, au alikuwa mkavu nusu mwaka na zaidi kisha akaanza tena, au anasikia maumivu akikojoa, ana kiu isiyo ya kawaida, anakonda, anakoroma sana au anarowa hata mchana. Hayo yanaweza kuwa maradhi ya mkojo, sukari au jengine, na yana tiba. Na mtoto aliyeanza tena baada ya msiba, talaka au ndoa mpya, jueni kuwa hilo huenda ni huzuni inayotoka kwa njia hiyo.

Bibi harusi unayekwenda kulea mtoto wa mwenzio, shuka lililorowa ni nafasi ya mwanzo kabisa ya kumwonesha wewe ni nani. Lifunge, mpe nguo kavu, usimwambie shangazi wala jirani. Siri yake ikikaa kwako, na yeye atakaa kwako.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu usingizi mwema, na sisi atupe subira ya kuamka nao. Amin.